Sindano ya Kumwimbisha Mama Mkwe

Mume wangu Hillary ana masikio yanayojulikana Kitale nzima. Mletee redio inayokoroma, atakutajia ugonjwa wake kabla hujaitua mezani. Kwa mambo ya gramafoni ndiyo usiseme. Mtu wa kule kijijini Kwanza akirithi santuri za babu yake na hana cha kuzichezea, anaelekezwa kwetu, mlango wa bluu, karibu na barabara inayoteremka Kipsongo. Kwa hiyo niseme mapema, kabla sijakasirika tena, kwamba siku familia yangu ilipoyahitaji masikio hayo kuliko kitu kingine chochote, yalikuwa uani kwa mama yangu, kati ya kuku, na yalikuwa yamekatazwa kusikia.

Aliyeyakataza ni mjomba wangu. Nitamfikia.

Jina langu ni Emmy. Nauza mbegu na mbolea mjini Kitale, na kazi hiyo imenizoesha kuona mambo kwa njia moja tu: kitu ama kinaota ama hakioti. Sina subira na vitu vya kujadiliwa. Hillary ni kinyume changu. Yeye anaweza kumaliza asubuhi nzima ameinamia kidude kisichozidi punje ya haragwe, chai inapoa, wateja wanaondoka, mimi napandwa na hasira, na yeye hajui kama kumekucha.

Kidude chenyewe anakiita kichwa. Kinakaa mwisho wa mkono wa gramafoni, na chini yake kuna sindano ndogo ambayo mimi siioni bila kukunja uso. Hiyo sindano ndiyo inayotembea kwenye mifereji ya santuri na kuokota sauti, na kichwa kinaipokea na kuipeleka kwenye spika. Vichwa vya zamani Hillary anavitoa kwenye gramafoni za masetla waliokufa, za makanisa, za baa zilizofungwa. Halafu anavipima. Anaitazama sindano kwa lenzi aone kama ncha yake ni almasi au yakuti, na kama imekatika ubavuni. Anaisukuma kwa unywele aone kama mpira unaoishikilia bado ni laini, kwa sababu mpira ukishakauka sindano haiyumbi, na sindano isiyoyumba inaichubua santuri. Mwisho anasikiliza. Bila kusikiliza, huniambia, hayo mengine yote ni kubahatisha.

Sasa, mama yangu. Anaitwa Rispah, anakaa Lugulu, na alikuwa na sauti. Sisemi alikuwa na sauti nzuri kama watu wanavyosema wakiwa kwenye matanga. Alikuwa nayo kweli. Akiwa msichana, kabla hajaolewa, kikundi chake kilipelekwa Nairobi kurekodi santuri moja ndogo, wimbo wa kupalilia upande mmoja na wa harusi upande wa pili, yeye akianzisha na wenzake wakiitikia. Wakarudi nyumbani, na hakuna kati yao aliyekuwa na gramafoni. Santuri pekee iliyofika huku kwetu ilinunuliwa na mwenye baa mmoja wa Misikhu, naye akaicheza mpaka walevi wakajua kila pumzi. Mama alikuwa mtu wa kanisa na baani hakuingia. Nusu ya Bungoma ilimsikia, yeye mwenyewe hakujisikia hata siku moja.

Baa ilipofungwa, watoto wa mwenye baa walimletea mama ile santuri kwa heshima. Akaitundika ukutani karibu na kalenda.

Halafu uvimbe ukamshika kooni. Madaktari walimwambia bila kumficha kwamba wakiutoa, sauti itaondoka nao. Mama akasema watoe. Akapona, na hadi leo anakula vizuri, analima, na anagombana na majirani kwa ishara za mikono. Aliyeshindwa ni mimi. Niliendelea kumpigia simu kwa mazoea, naye anapokea, tunakaa hivyo tukisikilizana tunavyopumua mpaka salio langu linaisha.

Siku moja nikiwa kwake aliitoa santuri ukutani, akaifuta kwa leso, akaniwekea mapajani. Kisha akagusa sikio lake. Nilielewa mara moja. Alitaka kujisikia, mara moja tu, ajue alikuwa na nini. Nikamwahidi, nikalia, na sitaki kuficha kwamba nililia vibaya.

Hapo ndipo upuuzi wote ulipoanzia. Sisi Wabukusu, mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawachangamani. Hawashikani mikono, hawaketi chumba kimoja, hawatazamani usoni. Hillary akifika Lugulu, mama anatokea mlango wa jikoni. Mama akija Kitale, Hillary anakumbuka kazi fulani mjini. Tangu tuoane wamesalimiana kupitia kwangu: mwambie mama hatujambo, mwambie kijana ameshukuriwa kwa sukari. Ni heshima, na mimi sijawahi kuona ubaya wake.

Nilipompelekea Hillary santuri dukani, alinyoosha mkono, kisha akaurudisha mfukoni.

"Emmy, si huyu ni mama?"

"Hii ni plastiki."

"Ni plastiki yenye mama ndani. Nitakaaje hapa dukani na mama mkwe ananiimbia?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Akaniambia tumpigie Khotsa.

Khotsa ndivyo tunavyomwita mjomba, ndugu wa mama. Huyu wangu ni Wabwile, aliyekuwa karani wa chifu. Alistaafu kazi, lakini kutoa hukumu hakustaafu. Mwulize njia ya kwenda msalani, atakohoa kwanza, arekebishe kofia, ndipo akutolee uamuzi. Nikaweka simu juu ya meza, sauti wazi.

"Nikuulize," akasema Khotsa. "Saa hii naongea na wewe kwa simu. Ni mimi ama si mimi?"

"Ni wewe, Khotsa."

"Na unaniona?"

"Sikuoni."

"Na bado ni mimi. Basi hiyo lekodi ni dada yangu. Huyo kijana asikae nayo chumba kimoja ikiimba. Na asiishike. Kwani anataka kumsalimia mama mkwe kwa mkono?"

Hillary alishusha pumzi kama mtu aliyeponea ajali. Jambo hilo liliniudhi kuliko hukumu yenyewe.

Kuitazama kuliruhusiwa, kwa sababu picha ya mama iko sebuleni kwetu na Hillary hupita mbele yake kila siku. Kwa hiyo mimi niliishika santuri kwenye mwanga wa mlangoni, naye akainama na lenzi yake, mikono nyuma. Alikaa hivyo muda mrefu, akitoa ile miguno yake. Gramafoni ya ile baa, akasema, ilikuwa na kichwa kizito cha kizamani, na kila mfereji umelika sehemu ya juu. Sindano ya kawaida ikipita hapo itaokota kwaruzo tu. Alihitaji sindano nyembamba, iliyochongwa bapa, inayoweza kushuka mpaka chini ambako ile ya baa haikufika.

"Huko chini," akaniambia, "mama bado mzima."

Nilimpenda sana wakati huo. Haikuchukua muda nikamchukia tena, kwa sababu sindano ya namna hiyo hakuwa nayo, na aliyekuwa nazo ni Mzee Chaman wa Bungoma, na safari ya Bungoma ilileta swali jipya. Hillary asingeweza kusafiri gari moja na mama mkwe wake. Basi mimi na santuri, imefungwa kwa leso, tulipewa lifti na mteja wangu mmoja anayepeleka mahindi Webuye na kuendelea mbele, na Hillary akatufuata kwa pikipiki, nyuma kabisa, akila vumbi la mke wake.

Mzee Chaman anauza magodoro na mabati. Alizaliwa Bungoma, na Kibukusu chake kinanishinda mimi. Akikusalimia mulembe, unajibu kwanza ndipo unageuka kuona ni nani. Baba yake aliuza gramafoni hapo hapo, na biashara ilipokufa hakutupa kitu. Chaman alishusha bati kubwa la biskuti kutoka juu ya rafu, akalifungua kwa kisu. Ndani mlikuwa na vichwa na sindano, kila kimoja kimefungwa kwenye kipande cha gazeti la zamani, vimelala kimya tangu enzi hizo.

Hillary alisahau kila kitu. Alivipanga juu ya godoro moja, akavipitia kwa lenzi, akivisukuma kwa unywele aliouomba kichwani kwangu. Hiki mpira wake umekuwa jiwe. Hiki ni cha yakuti, kimechoka. Hiki ncha iko sawa lakini waya wa ndani umekatika, akakipima kwa mita na mita haikusema kitu. Mimi nilikuwa barazani nimemshika mama.

Kisha ikafika zamu ya kusikiliza. Mzee Chaman angeweza kusikiliza kwa niaba yetu, kwani hana undugu na sisi, ila ana kifaa kwenye sikio ambacho hukizima wateja wakianza kubembeleza bei, na mara nyingi husahau kukiwasha. Alipoelewa shida yetu alifikiri kidogo, akatoa hedifoni kubwa zenye waya mrefu.

"Fundi akae huko nje kwa baraza," akasema. "Mama aimbe huku ndani. Chumba si kimoja. Si ni sawa?"

Ilikuwa sawa kabisa. Nikampigia Khotsa ili tu aseme ndiyo. Akakohoa.

"Hiyo kitu inakaa wapi?"

"Kwa masikio, Khotsa. Inafunika."

"Watu wengine wanasikia?"

"Hapana, ni yeye peke yake."

"Kwa hivyo," akasema polepole, "dada yangu amnong'oneze huyo kijana kwa sikio, na watu wasisikie anamwambia nini."

Sikuwa nimelitazama hivyo. Mzee Chaman, ambaye bahati mbaya kifaa chake kilikuwa kimewashwa, alizichukua zile hedifoni na kuziweka chini ya kaunta, bila kutuangalia. Alirudi na mita ya kizamani yenye mshale. Hillary asingesikia chochote, angetazama tu mshale ukipanda na kushuka kufuata sauti. Khotsa alikataa hata kabla sijamaliza kueleza. Alisema huko ni kumtazama mama mkwe akipumua.

Mwisho Mzee Chaman alituazima vichwa vyote ambavyo lenzi ilivikubali, akavifunga kwa leso nyingine. "Mkipata ya mama," akaniambia, "mniambie ni gani. Baba angetaka kujua."

Jumamosi tukaenda Lugulu na gramafoni nzuri ya Hillary, ile ya sanduku la mbao, spika yake ikiwa kando bila kifuniko. Tukaiweka mezani sebuleni. Khotsa alikuwa ameshafika, amevaa koti, ameketi mlangoni kabisa, mguu mmoja ndani na mwingine nje, ili asipitwe na upande wowote.

Utaratibu ulikuwa huu, na naomba msomaji anihurumie. Mama anatoka kwa mlango wa nyuma kwenda jikoni. Khotsa anatangaza, "Mkwe anaingia." Hillary anaingia kwa mlango wa mbele, anafunga kichwa kipya kwa vile viskrubu vyake, anapima uzito wa mkono, anatoka. Khotsa anatangaza, "Mkwe ametoka." Mama anarudi, anaketi, anapanga leso yake. Ndipo natoa santuri chini ya mto, naiweka na kushusha sindano. Na kwa kuwa dirisha lilikuwa wazi na Hillary ni mtu mwaminifu, kila niliposhusha sindano yeye aliwasha pikipiki uani, ili asije akamsikia mama kwa bahati mbaya. Moshi uliingia sebuleni. Nikimaliza napunga kitambaa dirishani, naye anazima na kuniuliza.

"Inasemaje?"

"Inakwaruza."

"Kukwaruza ni kwingi. Inakwaruza vipi?"

"Kama mtu anachagua mawe kwa mchele."

"Kwa ungo ama kwa sinia?"

Nilitaka kumtupia gramafoni. Lakini nilifikiri, na kweli ilikuwa sinia.

"Hiyo mpira umekauka," akasema. "Toa. Mama atoke."

Mama akatoka. Mkwe akaingia. Mkwe akatoka. Kichwa cha pili kilitoa sauti ya mtu aliye ndani ya jerikeni, Hillary akauliza kama jerikeni ina maji au ni tupu, nikamwambia tupu, akasema sindano ni nene, inaelea juu. Cha tatu kilisikika vizuri upande mmoja na upande wa pili kikawa kinatafuna. Mama alitikisa kichwa kwa kila kimoja. Nilianza kumwona amechoka, anatembea akishika ukuta, na nilijilaumu kwa kumwahidi mzee kitu halafu kumzungusha nyumba yake mwenyewe kama mwizi.

Kichwa kilichofuata kilikuwa kidogo, cheusi, cha almasi, kile ambacho Hillary alikiweka kando Bungoma na kukitazama mara mbili. Alikifunga bila haraka. Akatoka. Pikipiki ikanguruma. Nikashusha sindano.

Kitu cha kwanza nilichosikia ni mtu akivuta pumzi.

Halafu akaimba. Nilimtambua hata kabla ya neno kuisha, kwa ule ukali mdogo anaouweka mwishoni, ule ule aliokuwa akiniitia kutoka mtoni jua likianza kuzama. Alikuwa mdogo kuliko mimi nilivyo sasa, na alikuwa mama yangu. Khotsa alivua kofia, akasema neno moja, "Dada," na hakukohoa. Kwaruzo zilikuwepo, lakini mbali, kama mvua kwenye bati la jirani. Mama alikuwa huko chini, mzima, kama Hillary alivyosema.

Nikageuka kumwangalia mama pale alipoketi. Alikuwa anatikisa kichwa.

Nilidhani ni machozi. Nikarudia tangu mwanzo. Akatikisa tena, kwa nguvu zaidi, akanionyesha kwa kidole: toa. Alinitazama kama mtu aliyeletewa mtoto wa jirani akaambiwa ni wake. Akajipiga taya kwa kiganja, akajipiga kifua, tena taya.

"Ni jino," akasema Khotsa. "Kuna karafuu hapa?"

Haikuwa jino. Mama aligeukia ukuta, mabega yakaanza kutetemeka, bila sauti, na kulia bila sauti ni kitu kibaya sana kukitazama. Hapo ndipo nilipoelewa anachoogopa. Aliamini kwamba hata huko ilikokuwa imehifadhiwa, sauti yake haimo tena, na aliyebaki kwenye santuri ni mwanamke mwingine asiyemjua.

Nilitoka nje nikamkuta Hillary amekaa juu ya pikipiki, na hasira zangu zote zikampata yeye.

"Amekataa. Hiyo yako ya almasi ndiyo ameikataa kuliko zote."

"Haiwezekani," akasema. "Hakuna ingine itashuka chini kuliko hiyo."

"Hillary, mimi nimemsikia. Ni yeye. Khotsa amevua kofia. Lakini mwenyewe anasema si yeye. Umetuzungusha wiki nzima na lenzi na nywele zangu, na sasa mama analia huko ndani anajipiga taya."

"Anajipiga nini?"

"Taya. Taya na kifua. Khotsa anatafuta karafuu."

Hillary aliinamisha kichwa upande mmoja. Hufanya hivyo dukani, redio inapomwambia kitu ambacho sisi wengine hatusikii. Nilimjua, nikaacha kufoka.

"Mama hajawahi kusikia hii rekodi," akasema. "Si ndiyo?"

"Hajawahi. Unajua hajawahi."

"Kwa hivyo hajawahi kujisikia kutoka nje. Emmy, kila mtu nikimrekodi hapo dukani nikijaribu kinasa sauti, anakataa. Ati huyo si mimi, ati mbona nimekuwa hivyo. Sauti yako watu wanaisikia kwa hewa. Wewe mwenyewe unaisikia kwa mifupa. Mama anatafuta ile ya mifupa." Akashuka kwenye pikipiki. "Leta mwiko."

"Mwiko gani?"

"Wa ugali. Ile ngumu."

Lazima nieleze kwamba mota ya gramafoni ikinung'unika, Hillary hubana bisibisi kwa meno na kugusisha ncha yake kwenye mota, ndipo husikia kwa mifupa ya taya kinachoiumiza. Mara ya kwanza kumkuta hivyo nilidhani ameanza kula vyuma. Kwa hiyo alipotaja mwiko sikumwona mwendawazimu, au niseme sikumwona mwendawazimu zaidi. Alinipa maagizo kupitia dirishani, akiwa ameupa ukuta mgongo. Khotsa aliuchukua ule mwiko kwanza, akaugeuza.

"Ni wa nani?"

"Wa mama."

"Mkwe ameushika?"

"Hajaushika."

Akaunusa, akanirudishia. "Endeleeni."

Nilimgeuza mama polepole kutoka ukutani. Nikamsogeza mpaka kwenye spika, nikamwonyesha aume mpini, na ule upande mpana nikauegemeza katikati ya spika. Alinitazama na mwiko mdomoni, macho yamevimba, na najua kama angekuwa na sauti angeniuliza kama nimerogwa. Nikachukua viganja vyake nikamzibia navyo masikio. Nikapunguza sauti ya gramafoni, kama Hillary alivyoniagiza, mpaka ikabaki ya kutetemesha spika tu, isiyofika hewani. Nikashusha sindano ya almasi.

Chumba kilikuwa kimya. Hillary hakuwasha pikipiki, kwa sababu hewani hapakuwa na kitu cha kukimbia. Santuri ilikuwa inazunguka na sisi hatusikii lolote, tunamtazama mwanamke mzee ameuma mwiko.

Kwanza hakufanya kitu. Halafu nyusi zake zikapanda. Koo lake, pale penye kovu, likaanza kutembea, likipanda na kushuka, likifuata kitu. Mguu wake wa kulia ukapata mapigo ya jembe, ukapiga chini, ukapiga tena, mwendo wa kupalilia. Alifumba macho. Machozi yalimtoka na kuteremka kwenye mwiko, na hakuyafuta kwa sababu hakutaka kutoa mikono masikioni. Wimbo ulipoisha niliona umeisha usoni kwake kabla sijaona sindano imefika katikati. Bila kufungua meno, akanionyesha kwa kiwiko: tena.

Nikarudia. Nikarudia tena na tena, sijui mara ngapi. Khotsa alikuwa anajifuta uso kwa kofia.

Mwishowe mama alitoa mwiko mdomoni, akaupangusa kwa leso, akanipa mimi. Nikauma. Nikaziba masikio. Yeye mwenyewe ndiye aliyeshusha sindano.

Mimi siimbi. Kanisani wameniomba kwa upole nisimame nyuma. Lakini ile pumzi ilivutwa ndani ya kichwa changu, na mama yangu akaanza kuimba kutoka kwenye meno yangu, kwenye taya yangu, kana kwamba koo ni langu na wimbo nimeutunga mimi. Sikuwa namsikia. Nilikuwa yeye, msichana wa Lugulu aliyesimama Nairobi na kufungua mdomo bila kuogopa mtu.

Nje, Hillary alikuwa ameshindwa kuvumilia.

"Emmy? Ni yeye?"

Nilikuwa na mwiko mdomoni na sikutaka kuuachia, si kwa ajili yake wala kwa ajili ya mtu yeyote.

"Emmy, niambie. Ni yeye ama si yeye?"

Khotsa akakohoa na kurekebisha kofia, tayari kujibu. Mama alimpita. Akaenda mpaka dirishani, dirisha ambalo hajawahi kulisogelea mkwe wake akiwa uani, akagonga kioo kwa kidole. Hillary akageuka. Mama akamtazama usoni, akaitikia kwa kichwa.

"Asante, mama," akasema Hillary, na hakunituma mimi nimwambie.